Mwanangu anaitwa Mrundi shuleni: nimweleze ukweli au niendelee kunyamaza?

Barua ya msomaji

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Sumbawanga na kazi yangu ni ushonaji. Nilizaliwa mwaka 1986 katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mpanda. Wazazi wangu walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 wakitokea upande wa Rumonge, baba akiwa kijana na mama akiwa msichana mdogo, na mimi mwenyewe sijawahi kuiona nchi hiyo. Nilisoma kwa Kiswahili, niliimba wimbo wa taifa kila asubuhi kama watoto wengine wa Tanzania, lakini mtu wa makazini alipotaka kusafiri ilimbidi kwanza aombe kibali cha kutoka. Mwaka 2010 familia yetu ilikubaliwa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kukubaliwa, na vyeti tulivipata baada ya ile miaka ya kuambiwa kwamba tutahamishwa na kutawanywa mikoani.

Mume wangu ni Mfipa. Tulipooana mwaka 2012 alinishauri niwaambie watu kwamba mimi ni Muha wa Kasulu, kwa kuwa lafudhi yangu inafanana na yao na hakuna atakayehoji. Alitaka kunikinga na maneno ya watu, nami nilikubali. Wateja wangu na wanakwaya wenzangu wote wananijua hivyo. Watoto wanajua tu kwamba kwa babu ni Mpanda.

Mwaka huu mkubwa yuko darasa la tano. Mwenzake mmoja, ambaye baba yake ni dereva wa basi la Mpanda, alisema mbele ya darasa kwamba babu yake mwanangu anakaa Katumba, na Katumba ni ya Warundi. Tangu siku hiyo anaitwa Mrundi na kuambiwa arudi kwao. Baba yangu akipiga simu na kumsalimu "Mwaramutse", mtoto hukata simu au hukimbilia uani, ingawa zamani alikuwa akiitikia kwa furaha. Ameniuliza mara mbili kama sisi ni wakimbizi, na mara zote nimemwambia amalize chakula chake.

Nyumbani hatuelewani. Mume wangu anataka tumhamishe shule. Mama mkwe, ambaye siku hizi anajua asili yangu, anasema mtoto wa Kitanzania hana haja ya kusikia Kirundi, na kwamba tukishapewa uraia tuiache habari hiyo. Baba yangu naye amesikia kuhusu Kasulu na ameniambia kwamba ninawaficha kama ugonjwa.

Jambo la mwisho lilitokea kwenye mkutano wa wazazi. Jina langu lilipendekezwa kuingia kamati ya shule, kwa sababu nimekuwa nikisimamia sare za watoto yatima. Mzazi mmoja alisimama akasema nafasi kama hizo wapewe wananchi wenyewe, si watu waliokaribishwa. Hakuna aliyemjibu, na mwenyekiti akaahirisha jambo hilo hadi mkutano ujao.

Naomba unisaidie. Je, nimweleze mtoto? Je, ni kweli kwamba uraia unatutaka tuiache lugha yetu? Na je, niliondoe jina langu?

Mama wa wawili, Sumbawanga

Jibu la mshauri

Marahaba, binti yangu. Pole kwa mzigo huu, na asante kwa kuueleza kwa utulivu.

Nianze na mtoto, kwa sababu hilo ndilo lisilopaswa kusubiri. Mweleze wiki hii, wewe na baba yake mkiwa pamoja, wala si wewe peke yako jikoni, ili asije akadhani kwamba ni jambo la upande mmoja wa familia ambalo upande mwingine unalivumilia tu. Mtoto wa darasa la tano anaweza kabisa kuelewa kwamba babu na bibi yake walikimbia kuuawa, kwamba Tanzania iliwapokea, kwamba walipewa pori la Katumba wakalifyeka na kulilima, na kwamba mama yake alizaliwa hapo hapo. Ameuliza mara mbili akaambiwa amalize chakula. Kwa ukimya huo anajifunza kwamba jibu lake ni la aibu, na aibu hiyo inamuumiza kuliko neno lolote la wenzake, kwa sababu inatoka kwa watu anaowaamini.

Mpe pia ukweli wa kisheria kwa maneno yanayolingana na umri wake. Amezaliwa Tanzania, baba yake ni raia wa kuzaliwa, na mama yake alikuwa amekwisha kukubaliwa uraia kabla yeye hajazaliwa. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtoto huyo ni raia wa kuzaliwa, sawasawa na yule mtoto wa dereva. Katiba, katika ibara ya 39, inataka Rais awe raia wa kuzaliwa. Wewe na baba yako hamwezi kugombea nafasi hiyo, lakini mwanao anaweza akifikia umri unaotakiwa. Mwambie hivyo. Kwa hiyo akiambiwa arudi kwao, ajue kwamba yuko kwao.

Kuhusu kumhamisha shule, simuungi mkono mume wako. Sumbawanga si kubwa kiasi hicho, na mtoto atajifunza kwamba jina la babu yake likitajwa dawa ni kukimbia. Nendeni wote wawili kwa mwalimu wa darasa, mweleze kinachosemwa, na mumwombe azungumze na darasa zima bila kumsimamisha mwanenu mbele ya wenzake kama kielelezo. Walimu wengi watalishika jambo kama hili wakielezwa, kwa sababu somo la maadili wanalofundisha linasema hivyo hivyo. Asipolishughulikia, mwoneni mwalimu mkuu.

Sasa nije kwa mama mkwe wako, ambaye ninakusihi usimchukulie kama adui. Anachokisema kina mizizi katika historia ya nchi hii. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na kizazi chake kililelewa kuamini kwamba tulinusurika na yaliyowapata majirani zetu kwa sababu tuliuweka ukabila kando: tukakifanya Kiswahili kuwa lugha ya shule za msingi na ya mikutano, na baada ya sensa ya mwaka 1967 hatumuulizi tena mtu kabila lake anapohesabiwa. Ahadi ya kwanza ya mwana TANU ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu zake na Afrika ni moja. Mtu aliyekua katika mafundisho hayo anaposikia lugha ya nje nyumbani kwa mwanawe, huenda akaogopa kwamba kile kilichotuunganisha kinaanza kufumuka. Hofu hiyo ninaiheshimu, na ningekuwa wa mwisho kusema kwamba taifa halina haki ya kumtaka mgeni anayeingia ajifunze kuishi kwa taratibu za waliomkaribisha.

Hata hivyo, tuangalie kile hasa kilichotakiwa kwenu. Sheria inamtaka mwombaji wa tajnisi awe ameishi nchini kwa muda uliowekwa, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, awe na mchango kwa taifa, na akusudie kuendelea kuishi hapa. Ilibidi pia muukane uraia wa Burundi, kwa kuwa nchi yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Hayo yalikuwa masharti mazito, na wazazi wako waliyatimiza. Hakuna mahali ambapo sheria ilimtaka mtu asiwasalimu wajukuu wake kwa lugha aliyolelewa nayo. Kilichowekwa kando wakati wa kujenga taifa ni kabila kama ngazi ya kupandia cheo au kugawiana mali ya umma. Lugha za nyumbani hazikupigwa marufuku. Ninaamini mama mkwe wako mwenyewe anaongea Kifipa na dada zake, tena bila kujiona Mtanzania pungufu. Mwombe mume wako azungumze naye, si wewe, na amuulize kwa heshima kwa nini Kifipa cha upande mmoja wa wajukuu wake ni urithi ilhali Kirundi cha upande wa pili ni tishio.

Serikali nayo imewahi kuliwaza jambo hili kwa namna ya mama mkwe wako, kisha ikabadili msimamo, na wewe uliishi ndani ya mabadiliko hayo. Mwaka 2007, katika Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya wakimbizi 200,000 wa mwaka 1972 waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kubaki. Karibu asilimia 80 walichagua kubaki, na mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 wakakubaliwa uraia, jambo ambalo ni nchi chache sana duniani zimewahi kulifanya kwa wakimbizi wengi hivyo kwa pamoja. Lakini mpango wa awali uliwataka kwanza wahame makazini na kutawanywa katika mikoa mbalimbali, kwa fikra kwamba wakibaki pamoja watabaki Warundi, na wakitawanyika watakuwa Watanzania. Unakumbuka miaka ile: watu walisita kujenga nyumba za kudumu, na hawakujua kama shamba walilolima tangu walipofika litakuwa lao msimu ujao. Baadhi ya mikoa iliyotarajiwa kuwapokea nayo ilikuwa na wasiwasi. Mwaka 2011 uhamishaji ulisimamishwa, na kuanzia Oktoba 2014 vyeti vikatolewa bila sharti la kuhama. Mimi ninaona huo ulikuwa uamuzi wa hekima kuliko ule wa kwanza. Mtu aliyelima ardhi moja kwa zaidi ya miaka 30, akasomesha watoto wake kwa Kiswahili na kulipa ushuru wa tumbaku na mahindi, alikuwa amekwisha kuungana na taifa bila kung'olewa alipo.

Wala si nyinyi mlioanza. Wangoni walifika Songea kutoka kusini ya mbali katika karne ya 19, na watu wa asili ya Kimanyema walihamia Ujiji kutoka Kongo wakati wa misafara ya biashara. Leo hakuna anayemtaka Mngoni aonyeshe barua ya kukaribishwa. Jirani zetu wa Kenya walichukua muda mrefu zaidi: Wamakonde ambao wazazi wao walivuka kutoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Pwani walitambuliwa mwaka 2016 tu, baada ya kutembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai vitambulisho, na Wapemba wa Kilifi wakasubiri hadi mwaka 2023. Ninayataja haya ili mzazi yule wa mkutanoni asikufanye uone kwamba hadithi yako ni ya ajabu. Ni hadithi ya watu wengi wa upande huu wa Afrika, na tofauti ni kwamba yako ina cheti chenye tarehe.

Hapa pana jambo ambalo sitalipamba. Kusema kwamba wewe ni Muha wa Kasulu kuna gharama mbili ambazo huenda hukuziona. Ya kwanza inawahusu Waha wenyewe. Kwa sababu Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, watu wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi kwamba hushukiwa kuwa si raia kila wanapoomba nyaraka. Kwa hiyo umejificha katika nyumba ambayo nayo hubishiwa hodi, na kila Mrundi wa asili anayegundulika akijiita Muha anawaongezea tuhuma wasiostahili. Gharama ya pili ni yako. Raia wa tajnisi, tofauti na raia wa kuzaliwa, anaweza kunyang'anywa uraia ikithibitika kwamba aliupata kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la msingi. Wewe uliupata kwa njia halali kabisa. Usiruhusu fomu moja yenye neno "Kasulu" ianze kupingana na cheti chako na kuzua maswali ambayo hayakuwepo. Kila unapoulizwa mahali ulipozaliwa katika nyaraka yoyote, iwe ya kitambulisho, ya benki, ya pasipoti au ya shule ya watoto, andika Katumba, Mpanda. Ukiulizwa asili ya wazazi, andika Burundi. Ikiwa tayari kuna nyaraka yenye maelezo tofauti, nenda ukairekebishe sasa, ukiwa na cheti cha tajnisi na kiapo mkononi, kabla mtu mwingine hajaigundua. Toa nakala zilizothibitishwa na mwanasheria, kisha cheti halisi kihifadhi mahali ambapo moto na maji havifiki.

Sisemi kwamba uende sokoni ukatangaze. Mteja anayeleta kitenge kushonwa hana haki ya kujua ukoo wako, na Mtanzania yeyote anaweza kukataa kujibu swali la kabila bila kuwa mwongo. Kunyamaza mbele ya mdadisi ni jambo moja, na kusema uongo mbele ya mwanao, ndugu wa mume wako au ofisi ya serikali ni jambo lingine. Wanakwaya wenzako utawaambia kwa wakati wako. Ninashuku kwamba wengine wanajua zamani na wamekustahi.

Kuhusu baba yako, ana haki ya kuumia, na ninadhani unalijua hilo. Mtu aliyepoteza nchi akiwa kijana, akaomba kibali kila alipotaka kusafiri hadi akazeeka, hakutarajia kwamba siku atakapopata uraia binti yake ataanza kumficha. Nenda ukamwone ana kwa ana, usilimalize kwa simu. Nenda pamoja na mume wako, kwa kuwa wazo la Kasulu lilitoka kwake na mzee anastahili kulisikia kutoka kinywani mwake. Likizo ya Desemba waache watoto Katumba kwa muda wa kutosha, wamwone babu shambani na kanisani, wacheze na binamu zao. Lakini mweleze mzee nawe kwa upole kwamba wajukuu wake hawatakuwa Warundi kama yeye, na kwamba akiwalazimisha kuchagua kati ya Kirundi chake na wenzao wa Sumbawanga, anaweza kuwapoteza. Watoto wote wawili wafundishwe Kirundi kwa hiari na kwa mchezo, salamu na hadithi kwanza.

Nimebakiza mkutano wa wazazi. Kabla sijakujibu, nataka umwelewe hata yule aliyekupinga, kwa kuwa utakutana naye tena. Katika maeneo ya magharibi watu wengi hawatofautishi wakimbizi waliofika baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015, ambao waliwekwa katika kambi kama Nyarugusu na Nduta na ambao hadhi yao ni ya muda, na watu wa mwaka 1972 ambao ni raia. Wengine wana hofu ya ardhi, wengine ya silaha kuvuka mpaka, na hofu hizo zimewahi kuwa na sababu. Hata hivyo, hofu haimpi mtu mamlaka ya kugawa uraia katika madaraja mkutanoni. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya kabila lake au mahali alipotokea, na ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika shughuli za uongozi wa nchi, bila kusema kwamba raia wa tajnisi akae nyuma. Palipotakiwa raia wa kuzaliwa peke yake, kama katika urais, Katiba ilisema wazi. Kamati ya shule ya msingi haimo.

Kwa hiyo usiliondoe jina lako. Kabla ya mkutano ujao, mwone mwenyekiti nyumbani kwake, umweleze wewe ni nani kuanzia Katumba hadi cheti, ili asipate kushangazwa mbele ya watu, na umwombe alisimamie jambo hilo kama mwenyekiti badala ya kuliahirisha tena. Waone pia wazazi wawili au watatu wanaojua kazi yako ya sare, kwa maana ukimya wa mkutano ule huenda ulikuwa wa watu wasiojua la kusema. Likirudiwa neno la kukaribishwa, simama ujibu kwa sentensi chache: ulizaliwa Katumba, wewe ni raia kwa mujibu wa sheria, watoto wako wanasoma shule hii, na uko tayari wazazi wakupime kwa kazi yako. Kisha keti, uache kura zipigwe.

Mshauri wako